Vipimo Haviruhusu

Ngerengere, 14 Januari 2024

Mpwa wangu Yasmin,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla ya kufungua bahasha. Mimi mzima. Mwambie mama yako, dada yangu, kwamba bati la upande wa reli limerekebishwa na nyumba haivuji tena. Embe za hapa zimekwisha wiki iliyopita. Kisima kinatosha.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu unaijua: mwanangu Nasibu ndiye anayenisomea ujumbe. Kule kwenu nako mtandao uko kilimani pa shule tu, ukisema haloo wanaitikia watu kumi. Barua hii anayo Mwajuma wa machungwa. Anajua kusoma lakini hana miwani, kwa hiyo tuko salama.

Habari yenyewe ni ya Nasibu. Figo zake zote mbili zimeshindwa kazi. Hatukujua mapema, alikuwa anavimba uso asubuhi, tukasema ni usingizi. Sasa anakwenda Morogoro mjini kusafishwa damu kwa mashine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Tunatoka hapa saa kumi na moja alfajiri, anaunganishwa saa mbili na nusu, anatolewa saa sita na nusu, tunarudi jioni. Shule anayofundisha imempa likizo ya ugonjwa. Ana miaka ishirini na sita na anatembea akishika ukuta.

Madaktari wanasema dawa ya kudumu ni figo ya ndugu. Mtu mzima anaweza kuishi na moja. Mimi nilipimwa Desemba. Walinipa karatasi yenye sentensi moja: Vipimo haviruhusu. Basi nikarudi nyumbani.

Sikuombi kitu. Nimeona ujue tu, maana wewe ndiye mkubwa wa watoto wa dada yangu. Mama yako aliwahi kuniambia kwamba ulipojifungua ulikutwa na damu ya kundi O. Nasibu naye ni O.

Msalimie mtoto.

Mjomba wako,
Halidi


Kinole, 2 Machi 2024

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imenifikia wiki ya tano. Barabara ilikatika chini ya Mkuyuni, Mwajuma akakwama na machungwa yake mpaka akayauza kwa mafungu pale pale matopeni. Huku tu wazima. Mama macho yake ni yale yale. Anaona mtu akisimama, hamwoni akikaa. Mtoto ameanza darasa la kwanza na ameshagombana na mwalimu. Mvua imelaza migomba mitano upande wa mto.

Pilipili manga yangu ya shamba la juu iko salama. Ni mashina mia moja na arobaini, yote nimeyapanda mwenyewe, na mwaka huu ndiyo mara ya kwanza nimeona yametoa maua. Nilipolipokea shamba lile lilikuwa magugu na nyoka. Nakwambia ili ufurahi.

Habari za Nasibu zimenikaa rohoni. Mpe pole sana. Sisi ni binamu lakini tumelala mkeka mmoja, sijamsahau alivyokuwa anakuja likizo na kutuharibia mitego ya panya.

Mjomba, nauliza tu, usinione mjinga. Kwa mila yetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, lukolo lake. Mambo makubwa ya Nasibu, jando lake, masomo yake, waliyasimamia wajomba zake, kaka za marehemu mama yake. Hao wamesemaje?

Nimekutumia hiliki ndani ya kitambaa cha bluu. Kama Mwajuma akikupa kitambaa cheupe, amebadilisha.

Mpwa wako,
Yasmin


Ngerengere, 17 Machi 2024

Mpwa wangu Yasmin,

Kitambaa kilikuwa cha bluu. Marahaba, na Ramadhani njema. Mimi nafunga. Nasibu hafungi, lakini anavyokatazwa maji ni kama anafunga mwaka mzima.

Umeuliza vizuri. Wajomba zake ni wawili. Mkubwa ana kisukari, hospitali hawakumpokea hata mlangoni. Mdogo yuko Gairo, anauza karanga. Nimempigia mara sita. Mara ya sita alipokea mke wake, akasema mume wangu amesafiri, na mimi nikamsikia anakohoa.

Jumapili iliyopita nilipanda Mkuyuni. Tulikaa watu tisa wa lukolo letu. Mama yako hakuweza kuja, na wewe sikukuita kwa sababu jambo lilikuwa linakuhusu, na mtu hakai kwenye kikao kinachomhusu. Niliwaeleza mila unazozisema. Wakasema ni kweli mtoto ni wa mama yake, lakini anayekufa hazikwi kwa mila peke yake. Wote wakakubaliana kwamba wewe upimwe. Hakuna aliyesema ulazimishwe, na nilihakikisha neno hilo halikutamkwa.

Ndugu yako Dadi alikuwepo. Alitaka kuleta tena habari za shamba la juu, kwamba mwaka 2020 nilikupa wewe mwanamke nikamnyima yeye mwenye mabega. Nikamzima. Nilimwambia Yasmin ana moyo wa ukoo, tutauona.

Miadi ni Jumatatu tarehe 22 Aprili. Abeid atakuchukua na gari lake Mkuyuni saa kumi na mbili asubuhi. Usile kitu.

Mjomba wako,
Halidi


Kinole, 14 Aprili 2024

Mjomba, shikamoo, na Idi imepita kwa heri.

Tulichinja jogoo. Mama alikula vizuri. Mtoto alivaa gauni ulilomtumia, limemfika vidoleni, atakuwa nalo mpaka darasa la nne.

Sijui nani alishuka na habari kutoka kwenye kikao, lakini nilipokwenda kuswali Idi nilikuta zimeshafika. Imamu alitaja jina langu kwenye dua, mbele ya safu zote. Tangu siku ile sichoti maji. Mabinti wa jirani wananitangulia kisimani, wananiletea mpaka mlangoni. Ndizi wananikatia. Nikisema niacheni, wanasema pumzika, utahitaji nguvu. Mzee mmoja ambaye hajanisalimia tangu niachike kwa mume wangu alinishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

Mwajuma peke yake ndiye anayesema nami kama zamani. Jana aliniuliza, "Yasmin, wakikosea wakakuua, zile kanga mbili mpya za sandukuni umemwandikia nani?" Nikamwambia sijafa. Akasema, "Ndiyo nakuuliza sasa, ukishakufa hutanijibu." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha akaniuliza, "Lakini wewe mwenyewe umekubali lini?" Nikamwambia ngoja nitoe chungu jikoni.

Nitakwenda tarehe 22.

Mpwa wako,
Yasmin


Ngerengere, 12 Mei 2024

Mpwa wangu Yasmin,

Umerudi Kinole bila kupita kwangu. Abeid anasema ulimwambia unaumwa kichwa. Pole.

Karatasi yako ilinifikia tarehe 6. Nimeisoma. Ina sentensi moja.

Nasibu nilimwambia Jumatano akiwa kwenye mashine. Alianza kumweleza nesi kosa lililo kwenye kitabu cha hesabu cha darasa la sita. Njiani aliniuliza, "Baba, naye ana nini? Amejua mapema? Ameanza dawa?" Nikasema sijui. Kwa kweli hata mimi sijui, Yasmin. Karatasi haikutaja ugonjwa na wewe hukuniandikia.

Nimefikiri kama mkubwa wenu. Mtu ambaye vipimo vyake si vizuri hawezi kufaa kwa shamba la mteremko. Kupanda na mzigo wa kilo arobaini kutamwua, nasi tutakuwa tumemwua. Kwa hiyo nimemwambia Dadi alichukue shamba la juu kuanzia mwezi wa sita. Wewe utabaki na la bondeni, kwenye migomba, hapana kilima. Nimefanya kwa kukuhurumia na kila mtu ameliona hivyo.

Dada yangu msalimie. Usimtie wasiwasi.

Mjomba wako,
Halidi


Kinole, 9 Juni 2024

Mjomba, shikamoo.

Mama mzima. Mtoto amefaulu kusoma, anasoma mpaka maandishi ya magunia. Mvua zimekwisha.

Dadi alikuja tarehe mosi na panga na kamba. Alikuwa na adabu. Alisema, "Dada, kaa kivulini, nionyeshe tu mpaka." Nikamwonyesha mpaka. Pilipili imeshafunga, mbegu ni ndogo kama kichwa cha kiberiti. Aliniuliza inavunwa lini, maana hajawahi kuilima. Nilimweleza: asisubiri iwe nyekundu yote, shuke likiwa na mbegu mbili tatu nyekundu lichumwe. Nilimweleza vizuri kwa sababu sikutaka iharibike. Kisha nikashuka.

Watu hawanichotei maji siku hizi, bali wananihurumia, na huruma ni mzigo mkubwa kuliko maji. Mama wa yule kijana wa Ngerengere aliyeniletea posa amemtuma mtu kusema wasubiri kwanza wajue ugonjwa wangu. Kwenye msiba wa juzi nilikwenda kushika mwiko, wakaninyang'anya, wakanikalisha na vikongwe.

Mjomba, mimi si mgonjwa hivyo. Naweza kulima. Nakuomba unirudishie shamba langu kabla ya mavuno. Siombi kitu kingine.

Nasibu naye vipi? Hukuniambia.

Mpwa wako,
Yasmin


Ngerengere, 30 Juni 2024

Mpwa wangu Yasmin,

Marahaba. Nasibu alilazwa siku nne baada ya Idi ya kuchinja. Maji yaliingia kwenye mapafu. Walitoa lita tatu. Sasa yuko nyumbani, anasahihisha madaftari ya wanafunzi ambao si wake tena, mwalimu mwenzake humletea ili asichoke kukaa.

Unasema wewe si mgonjwa. Nimefurahi kulisoma neno hilo. Basi kama huna ugonjwa, yawezekana hospitali ile ilikosea. Mashine hukosea. Nimefanya kazi stesheni miaka thelathini na moja, najua kwamba ishara ikionyesha nyekundu na njia iko wazi, hutumwa mtu kwenda kuangalia kwa macho.

Nimeuliza. Ipo hospitali nyingine, na daktari wake atatupokea Jumatatu tarehe 12 Agosti mchana, Nasibu akishatolewa kwenye mashine. Tutakwenda watatu, mimi, wewe na Nasibu. Utapimwa upya mbele yetu na majibu yatasomwa mbele yetu, hakuna kuandikiana sentensi. Ukikutwa mgonjwa, tutakutibu na hakuna atakayenong'ona tena. Ukikutwa mzima, shamba lako utalipata siku hiyo hiyo, na mengine tutayazungumza.

Sioni ni vipi mtu mwema ataikataa safari hii. Nasibu nimeshamwambia. Amefurahi kwa ajili yako.

Mjomba wako,
Halidi


Kinole, 21 Julai 2024

Mjomba, shikamoo.

Mama mzima, mtoto mzima, karafuu zinaanikwa kila uwanja na kijiji kizima kinanukia. Salamu ziishie hapo. Mwajuma nimemwambia asiiache barua hii kwa mtu mwingine ila akutilie mkononi, hata ikibidi akusubiri utoke msikitini.

Kule hospitali kuna chumba ghorofa ya pili, mlango wa tatu kushoto. Kina viti viwili, meza, na dirisha linalotazama tangi la maji. Pale anakaa daktari mwanamke anayeitwa Irene. Si yeye atakayempasua Nasibu wala kumtibu; kazi yake ni kumsimamia mtoaji wa figo tu. Wasindikizaji hawaingii. Abeid alitaka kuingia, akamwambia kakae kwenye benchi.

Alifunga mlango. Alinionyesha karatasi zangu. Damu inalingana, figo zote mbili nzima, moyo mzima, presha ya msichana. Alisema, "Kwa upande wa mwili unafaa kabisa." Kisha akaniuliza, "Wewe unataka?"

Mjomba, tangu Januari nilikuwa sijaulizwa hivyo. Wewe hukuniuliza, kikao hakikuniuliza, imamu hakuniuliza. Mwajuma aliniuliza nikakimbilia chungu. Nilihesabu viraka vya rangi kwenye lile tangi mpaka vikaisha. Nikasema, "Sitaki." Nilitafuta sababu ya kuongeza. Nilitaka kusema mtoto wangu, mama yangu, shamba. Yeye akaniinulia mkono, akasema, "Hilo linatosha. Anayekataa hadaiwi sababu hapa."

Nikamwambia siwezi kurudi Kinole na neno hilo. Akasema anajua. Akasema kila mtu asiyetoa, awe ana kisukari, awe ana hofu, awe hataki tu, anaandikiwa sentensi moja ile ile, ili ndugu zake wasiweze kutofautisha. Akaiandika mbele yangu. Maneno mawili.

Nilipoyasoma nilikumbuka kwamba nimeshayaona kwa mwandiko wako.

Mjomba, sisemi kitu. Yawezekana wewe ni mgonjwa kweli. Una miaka hamsini na saba. Mwaka jana ulipokuja kwenye arobaini ya bibi ulipanda kutoka Mkuyuni kwa miguu ukatuacha nyuma sote, hata Dadi mwenye mabega. Hukumeza kidonge mbele yetu siku zote tatu. Na Desemba ulipopewa karatasi, kwa maneno yako mwenyewe, ukarudi nyumbani. Hukwenda hospitali nyingine kuangalia kwa macho. Mtu wa stesheni.

Mwezi wa tano ulipoisoma karatasi yangu ulijua maana yake. Ndiyo maana hukuniuliza naumwa wapi. Ulinichukulia shamba.

Nitakuja tarehe 12 Agosti. Sikatai. Ila nina sharti moja: tupimwe wote wawili, wewe na mimi, mlango wazi, Nasibu amekaa katikati. Majibu yasomwe kwa sauti, yako kwanza kwa sababu wewe ni mkubwa.

Nampenda Nasibu. Naliandika hilo nikijua halinisaidii. Usiku nikigeuka ubavu naisikia figo pale ilipo, na najua ingemfaa, na bado sitaki. Nangoja jibu lako.

Mpwa wako,
Yasmin


Ngerengere, 29 Septemba 2024

Mpwa wangu Yasmin,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu. Mwajuma alinikabidhi barua yako tarehe 27 Julai saa saba na robo, mlangoni mwa msikiti kama ulivyomwagiza.

Safari ya tarehe 12 Agosti haikuwa, kama ulivyoona. Gari la Abeid lilikuwa na hitilafu. Baadaye nilifikiri kwamba hospitali moja inatosha, na si vizuri kuwachosha madaktari. Jambo la kupima tena limekwisha, kwako na kwangu. Kikao nimekieleza hivyo na hakuna aliyeuliza.

Shamba la juu ni lako. Nimempelekea Dadi neno, na mavuno ya mwaka huu uvune wewe. Alikasirika, nimempa lile pori la upande wa mto. Kama watu watakuuliza, sema mjomba ameona umepata nafuu.

Nasibu anaendelea na mashine, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Nesi mkuu amesema wapo watu wanaoishi hivyo miaka mingi. Sikumwuliza mingapi. Mimi ninampeleka mwenyewe kila safari. Saa nne zile nakaa naye, tunasoma gazeti, kila mtu upande wake.

Mtoto umnunulie viatu vya shule, miguu hukua haraka. Dada yangu msalimie.

Nasibu ameniona naandika, ameomba nafasi hapa chini. Nimemwachia. Sikuweza kumnyima.

Mjomba wako,
Halidi


Binamu Yasmin,

Sina nguvu ya barua nzima, hii ni ya dezo kwenye karatasi ya mzee. Nilisikitika safari ilipoahirishwa, maana nilikuwa nimejiandaa kukucheka ukidungwa sindano. Baba anasema tatizo lako ni kama lake. Basi ukoo wenu mzima mna figo za mkopo, kumbe afadhali mimi wa ukoo mwingine, zangu angalau zilikufa wazi wazi!

Nasikia umerudishiwa shamba. Nimefurahi sana, lakini usibebe mizigo mizito, mpe mtu akubebee. Na usipuuze dalili kama nilivyopuuza mimi. Uso ukivimba asubuhi, usiseme ni usingizi.

Na unywe maji. Mimi napimiwa vikombe viwili kwa siku, baba ananishikia kikombe kama mlinzi. Ukishuka pale mtoni kwenu, pale kwenye jiwe, kunywa mpaka ushibe, na kimoja unywe cha kwangu.

Nasibu